Usiku wa Apple: maswali mnayoniuliza kila Septemba

Kila mwezi wa nane ukielekea kuisha naanza kupokea meseji zilezile kuhusu uzinduzi wa iPhone mpya za Apple, lini, saa ngapi, inaonyeshwa wapi, kaka ninunue saivi au nisubiri. Nimechoka kuandika jibu moja mara arobaini kwaiyo nimeyamwaga yote hapa, ukiniuliza tena nakutupia hii. Mimi sio mfanyakazi wao na siuzi simu, ni mtu wa Dar tu ninayependa haya mambo, nimeshaangalia uzinduzi wao kwenye intaneti kafe, kwenye simu ya mtu, kwa bando la kukopa, na mwaka mmoja nikiwa nimesimama kwenye daladala foleni ya Ubungo huku abiria wa pembeni anachungulia kuliko mimi.

Hii shughuli hasa ni nini?

Ni onyesho la kila mwaka ambalo Apple wanatambulisha iPhone mpya, saa, na siku hizi mara nyingi na AirPods (earphone zao zisizo na waya). Linafanyika kwao Cupertino, California, kwenye makao makuu yao Apple Park, ndani ya ukumbi unaoitwa Steve Jobs Theater. Ukumbi wenyewe uko chini ya ardhi, unachukua watu 1,000, na umeanza kutumika Septemba 12, 2017 siku ile ya iPhone X. Zamani walikuwa wanatumia kumbi za watu, iPhone ya kwanza kabisa Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wao, aliitoa mfukoni San Francisco, Januari 9, 2007.

Toka iPhone 5 mwaka 2012 mwezi wa tisa ndo umekuwa mwezi wake. Korona tu ndo iliwahi kuharibu ratiba, 2020 Septemba wakatoa saa na iPad, iPhone 12 ikasogea mpaka Oktoba 13, tukakaa mwezi mzima tunatukanana kwenye grupu.

Na WWDC je?

Hiyo ni ya mwezi wa sita, ni ya watengeneza programu, wanaonyesha iOS mpya, yaani mfumo unaoendesha iPhone. Usikeshe ukisubiri simu huko.

Ni tarehe ngapi?

Mpaka mwaliko utoke hakuna anayejua, hata yule anayeandika kwa herufi kubwa na emoji za moto. Ila mtindo wao unasomeka. 2023 mwaliko ulitoka Agosti 29 onyesho likawa Septemba 12. 2024 Agosti 26 kwa Septemba 9. 2025 Agosti 26 tena kwa Septemba 9. Yaani ni wiki mbili kamili, kwaiyo wiki ya mwisho ya Agosti ukiona kimya jua bado, ukiona watu wanatuma picha moja yenye rangirangi jua hesabu imeanza. Jumanne wanaipenda zaidi lakini sio sheria, 2022 ilikuwa Jumatano na 2024 Jumatatu.

Saa ngapi kwa saa zetu? (hili ndo swali namba moja kila mwaka)

Saa mbili kamili usiku. Wao wanaandika saa 10 a.m. kwa saa za Pasifiki, ambayo kwa kuhesabu kwetu ni saa nne asubuhi ya kwao, sasa watu wanaona 10 wanadhani ni saa kumi, mwingine anaigeuza mara mbili anajikuta kaweka alamu saa nane usiku. Mwezi wa tisa sisi tumewatangulia masaa kumi, basi. Dar, Nairobi, Mombasa, Zanzibar, Kampala wote saa mbili usiku. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ni saa moja usiku. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai saa tatu usiku. Walioko London saa kumi na mbili jioni, wao ndo wanafaidi, wanatoka kazini wanakaa.

Angalizo dogo, kuanzia Novemba Wamarekani wanarudisha saa nyuma kwaiyo tofauti inakuwa masaa kumi na moja. Na kuna ile ya 2023, ya kompyuta, waliyoifanya Oktoba 30 jioni ya kwao, huku ikaangukia saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 31. Tulikesha watu wanne tu kwenye grupu la watu mia mbili na kitu, asubuhi hao wengine ndo wakaja kutufundisha chipu ya M3 inafanyaje kazi.

Naangalia wapi?

YouTube, kwenye chaneli ya Apple yenyewe. Pia iko kwenye tovuti yao na kwenye programu ya Apple TV. Watoto wa siku hizi hamjui tulikotoka, YouTube wameanza kuweka laivu Septemba 2019 tu. Kabla ya hapo kwa miaka mingi ilikuwa lazima uwe na kifaa chao na kivinjari chao cha Safari, yaani jina wamechukua kwetu afu wakatufungia nje. Na hata ukiwa nacho hukuwa na uhakika, ile ya Septemba 2014 ya iPhone 6 na saa ya kwanza ilikuwa vichekesho, picha inakata, inarudi, afu juu ya sauti ya mzungu unasikia mtu anatafsiri Kichina, wote wawili wanaongea kwa pamoja. Mimi kwa siku ile nililaumu laini yangu mpaka kesho yake ndo naona kumbe dunia nzima imesikia Kichina.

Inakula bando kiasi gani?

Onyesho linaenda kati ya saa moja na robo mpaka karibu masaa mawili. Kwa 480p andaa kama nusu GB mpaka GB moja, inatosha kabisa kwa kioo cha simu. Ukiiacha YouTube ichague yenyewe itapanda 1080p na ndani ya dakika ishirini utapokea ile meseji ya asilimia 75 ya bando lako. So ingia kwenye gia pale, chagua mwenyewe. Kama hali ni ngumu kweli weka 144p ushike sauti, picha utaziona kesho, japo utakuwa unaona watu kama wametengenezwa kwa matofali.

Nyumbani TV ni moja na saa mbili usiku ni taarifa ya habari, nafanyaje?

Ndugu yangu hili sio swali la teknolojia. Wamarekani wamechagua saa ileile ambayo mzee kashatoka kuswali Isha, kashakula, kakaa kwenye kiti chake anasubiri muziki wa taarifa ya habari uanze. Usijaribu. Nimeshawahi kujaribu kwa hoja kwamba habari zinarudiwa saa nne, nikaulizwa na hiyo simu yako nayo hairudiwi? Sikuwa na jibu mpaka leo. Tumia simu yako, vaa earphone, kaa kibarazani.

Ni laivu kweli au wamerekodi?

Wamerekodi. Toka 2020 ni video iliyotengenezwa, wale wageni wanaoalikwa Apple Park wanakaa ukumbini wanaangalia video ileile unayoiangalia wewe, tofauti wao wakitoka wanashika simu zenyewe na wewe unatoka kwenda kuzima jiko. Tim Cook, aliyepokea uongozi wa Apple toka kwa Steve Jobs, alikuwa akisema good morning na nje kwako bundi analia.

Mimi nasema hapa wazi, imekuwa nzuri kwa macho lakini imepoteza chumvi. Enzi za jukwaani mambo yalikuwa yanaharibika mbele za watu. 2017 Craig Federighi, bosi wao wa programu, anaonyesha iPhone X inavyofunguka kwa sura, ananyanyua, inagoma, inamwambia aweke namba za siri, akachukua ya akiba. Sekunde chache tu zile ila ukumbi mzima na sisi huku tulishika pumzi, kijana mmoja kwenye kibanda tulichokuwa akapiga kelele kama mtu kakosa penalti. Hiyo saivi huipati. Kila mtu anatabasamu, kamera inapaa juu ya jengo, inashuka, kijana mwingine anatabasamu.

Kuna tafsiri ya Kiswahili?

Hamna. Siri yenyewe, yule msaidizi wa sauti wa iPhone, Kiswahili haijui, na 2025 walipoleta AirPods Pro 3 zenye kutafsiri mazungumzo masikioni walianza na Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kireno na Kihispania. Lugha yenye wasemaji wengi hivi na bado tunasubiri mlangoni. Kwaiyo watafsiri wetu ni wale wadau wa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram wanaoandika huku wanaangalia, wengine wanaongeza na chumvi zao, niliwahi kusoma kwamba kioo kipya hakivunjiki hata ukikipitishia gari juu, mwenye kuandika akabanwa ametoa wapi akasema ameelewa hivo.

Tetesi za kabla niziamini?

Nusu. Picha za kava na vipimo mara nyingi zinakuwa kweli kwa sababu viwanda vya makava China vinahitaji kujua matundu ya kamera mapema, hao hawabahatishi pesa zao. Tetesi za programu na za bei ndo zinateleza. Hata wakubwa wa kazi hii kama Mark Gurman wa Bloomberg na Ming-Chi Kuo wanakosea, na wanavyokosea kuna utaratibu wake. 2021 ilisemwa saa mpya itakuwa na kingo bapa, ikatoka na kingo za mviringo vilevile. Mwaka huohuo ikasemwa iPhone 13 itawasiliana na setilaiti, haikuwa, ikaja kwenye 14 mwaka uliofuata. Yaani kitu kipo ila tarehe sio yenyewe.

Tetesi kubwa kuliko zote haikuwa hata tetesi. Machi 2010 iPhone 4 ya majaribio ilisahaulika baa huko Redwood City, Aprili ikaishia kwenye mtandao wa Gizmodo ikafunguliwa mpaka nati, miezi kabla ya siku yake. Mtu kasahau simu baa, kitu ambacho hapa kwetu kinatokea kila Ijumaa.

Mwaliko wao una fumbo gani?

Kuna watu wanausoma kama jina la kanga. Na kama kanga vilevile, maana unaipata vizuri mvaaji akishapita. 2022 waliandika "Far Out" na picha ya nyota, watu wakasema kamera ya kupiga mwezi, kumbe ilikuwa msaada wa dharura kwa setilaiti (huduma ambayo kwetu haipo, usijaribu kupotea Mikumi ukaitegemea). 2024 "It's Glowtime", ukawa ule mwanga unaozunguka kioo ukimuita Siri. Mwaka 2025 "Awe Dropping" na mchoro kama wa joto, wengine wakasema ni kupoza simu, na kweli iPhone 17 Pro zikaja na mfumo wa kupoza kwa mvuke ndani. Ni mchezo mzuri wa wiki mbili za kusubiri, usiuwekee pesa tu.

Kwanini kwenye picha zao zote saa inasoma 9:41?

Walipanga onyesho la 2007 iPhone itokee kwenye kioo kikubwa kama dakika 40 baada ya kuanza, wakataka picha ilingane na saa ya ukumbini. Ya kwanza ilisoma 9:42, baadae wakatulia kwenye 9:41. Kwa kwetu ni saa tatu na dakika 41 asubuhi. Basi ndo hivo tu, hakuna mambo ya siri.

Ninunue saivi au nisubiri onyesho?

Subiri. Ukiwa Agosti na simu yako inawaka na inapiga, SUBIRI. Wakishatoa mpya usikuuleule duka lao la mtandaoni linabadilika, za mwaka jana za kawaida zinashuka mara nyingi dola 100 na za Pro zinaondolewa kabisa dukani kwao. Huku athari inachelewa kidogo lakini inafika, kwa sababu Wamarekani na Warabu wanabadilisha simu zao, zile za zamani zinaingia kwenye mzunguko wa used, na used ndo soko letu tusidanganyane, wengi wetu tunachosubiri sio simu mpya, tunasubiri ya jirani ipungue.

Mimi nilifanya kosa hilo. Nilinunua macho matatu (iPhone ya kamera tatu) wiki ya kwanza ya Septemba kwenye duka moja mjini, muuzaji kanipa na soda, ananiambia bei inapanda wiki ijayo mzigo umeisha Dubai. Wiki ijayo onyesho likapita, wiki tatu mbele duka lilelile bei imekatwa na simu imewekwa kwenye kabati la mbele. Nilipita pale nikasalimiwa kwa jina. Ile soda ndo soda ghali niliyowahi kunywa.

Ila kama simu yako imekufa na kazi yako iko kwenye simu, nunua, maisha hayamsubiri Tim Cook.

Kariakoo inafika lini na kwa bei gani?

Utaratibu wao ni huu: onyesho mara nyingi Jumanne, Ijumaa ya wiki hiyo oda zinafunguliwa (saa tisa alasiri kwetu), Ijumaa inayofuata simu zinaingia dukani. 2025 ilikuwa onyesho tarehe 9, oda tarehe 12, dukani tarehe 19. Emirates (nchi iliko Dubai) wako kundi la kwanza, kwaiyo kuna watu wanapanda ndege kabisa, wanapanga foleni Dubai Mall, na siku chache baadae ziko Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi. Apple wenyewe hawana duka lao hata moja Afrika nzima, wapo mawakala tu walioidhinishwa, na hao huwa wanafuata baadae.

Bei za wiki ya kwanza sahau. Wanachotangaza kwenye onyesho, mfano mwaka 2025 iPhone 17 kuanzia dola 799, Air 999, Pro 1,099, Pro Max 1,199, ni bei ya Marekani bila kodi ya mauzo ya jimbo. Juu yake weka nauli, kodi, faida ya wa Dubai, faida ya wa hapa, afu weka na ile faida isiyo na jina ya mtu anayejua una haraka ya kupost. Watu wa rangi mpya ndo wanaumia zaidi, ile chungwa ya 2025 ilikuwa na bei yake peke yake na muuzaji hata haoni aibu, anakwambia hii ndo watu watajua ni mpya.

Kuna kitu gani cha kuangalia ambacho wengi wanapitwa?

Laini. Na hapa naomba mnisome taratibu kwa sababu hii ndo sababu hasa nimeamua kuandika.

Sisi tunaangalia kamera na rangi, lakini kitu kinachogusa maisha ya mtu wa hapa mara nyingi hakipewi hata dakika mbili. 2016 waliondoa tundu la earphone. 2020 waliondoa chaja kwenye boksi, hiyo ikazaa biashara nzima ya chaja feki ambazo zimeunguza simu za watu mpaka leo. 2022 wakaanza kuondoa sehemu ya kuchomeka laini kwenye iPhone 14 za Marekani, zikabaki na eSIM peke yake (laini iliyomo ndani ya simu, hakuna cha kuchomeka), huku tukasema aah hiyo ni shida ya Wamarekani, sisi mzigo wetu unatoka Dubai.

Haya, 2025 ikaja. iPhone Air, ile nyembamba, ni eSIM tupu dunia nzima, haina tundu la laini popote. Na iPhone 17, 17 Pro na Pro Max, orodha ya nchi ambazo zinauzwa bila tundu la laini ikaongezeka, nikaikuta kwenye tovuti yao baada ya onyesho: Marekani, Canada, Mexico, Japani, Saudi Arabia, Emirates, Qatar, Kuwait, Bahrain, Oman. Soma tena. Emirates na Oman. Yaani njia yenyewe ya mzigo wetu. Shangazi yangu yuko Muscat, kila akija likizo Unguja anabeba simu moja ya mtu, mwaka ule alipiga kuuliza nani anataka nikamwambia shangazi shikamoo, kwanza niambie pembeni ina kitundu? Akaniambia marahaba, kitundu gani tena mwanangu.

Mtu atasema eSIM si ipo hata huku, mitandao inatoa. Ndio inatoa, na kwa haki yake eSIM ni nzuri, mwizi haitoi akaitupa, na kwenye zile Pro nafasi ya laini wameijaza betri kubwa zaidi. Lakini fikiria unavyoishi. Simu ikizima chaji uko stendi ya Msamvu unafanyaje? Unatoa laini, unaweka kwenye kitochi cha mtu, unatoa pesa M-Pesa, maisha yanaendelea. Kioo kikipasuka unaweka laini kwenye simu ya mdogo wako mpaka fundi amalize. Kwa eSIM hayo yote unaenda dukani kwa mtandao, kitambulisho, alama za vidole, foleni, wakupe ile QR, na ukiwa kijijini duka lenyewe liko wilayani. Laini kwetu ni pochi, sio ya kupigia tu. Hilo Cupertino hawalioni kwa sababu pochi zao ziko kwingine.

Kwaiyo baada ya onyesho fanya hivi, ingia kwenye tovuti yao, fungua sehemu ya vipimo kamili vya simu unayoitaka, shuka mpaka sehemu ya SIM, angalia nchi. Na ukiwa dukani usisikilize maneno, geuza simu uangalie pembeni, afu ingia kwenye mipangilio uangalie namba ya modeli. Inayoishia na LL/A ni ya Marekani. J/A ni ya Japani, hiyo na kamera yake inajulikana kwa kulia ukipiga picha. B/A ni ya Uingereza, CH/A ni ya China bara, hizo za China za kawaida zina sehemu ya laini mbili za kuchomeka na kuna watu hapa mjini wanazitafuta kama dhahabu, ila hazipokei eSIM, chagua ugonjwa wako.

Used nayo ina mambo gani ya kuangalia?

Mengi, lakini kwa kifupi. Piga *#06# upate IMEI (namba ya utambulisho wa simu), kwa Tanzania itume kwenda 15090 uone inajibu nini, ilinganishe na ya kwenye boksi. Hakikisha mwenye simu ameitoa kwenye iCloud (akaunti yake ya Apple inayoweza kuifunga simu) mbele yako, aingize neno la siri yeye mwenyewe, uifute, uiwashe kama mpya. Akikwambia kaka iko poa ila usiiriseti, rudisha simu, chukua pesa yako, ondoka.

Niliona laivu ya Tim Cook anagawa bitcoin, ni kweli?

Sio kweli na haijawahi kuwa kweli. Kila mwaka usiku huohuo zinafunguliwa laivu za uongo YouTube, 2024 walitumia mpaka sura na sauti ya Cook iliyotengenezwa na AI, anakwambia tuma sarafu zako zirudi mara mbili. Zinakuwa na watazamaji kibao kuliko hata wanaostahili. Angalia jina la chaneli na tiki. Na ile linki ya WhatsApp ya "Apple wanagawa iPhone 100 kwa Watanzania, tuma kwa watu 15" naomba msinitumie tena, hasa wewe mjomba.

Sina iPhone, naruhusiwa kuangalia?

Nusu ya watu wa kwenye grupu letu wana Tecno na Infinix, na mwenye kelele nyingi kuliko wote anatumia Samsung, anakuja kutuambia hiki walikitoa sisi tulikuwa nacho. Tunamhitaji. Bila yeye usiku unapoa.

Wakisema "One more thing" inamaanisha nini?

Ulikuwa msemo wa Steve Jobs, unadhani amemaliza afu anageuka na kitu kikubwa. Tim Cook, aliyepokea kiti Agosti 2011, ameutumia kwa kuchagua, mfano kwenye saa 2014 na kwenye iPhone X 2017. Ukiusikia acha unachokula.

Wanachotangaza huwa kinatoka chote?

Mara nyingi ndio. Ila muulize mtu AirPower, ile sahani ya kuchajia vitu vitatu, waliionyesha 2017 kwa mbwembwe, Machi 2019 wakasema tumeshindwa. Siri mpya nayo waliionyesha Juni 2024, Machi 2025 wakasema inachelewa, na watu walishanunua iPhone 16 kwa ajili yake. Ndo maana nasema nunua kilichomo ndani ya simu leo.

Mwaka huu tunaangalia wapi?

Palepale, kibanda cha kaka wa chipsi nyuma ya soko, ana TV kubwa (ila ikiingiliana na mechi ya Ligi ya Mabingwa sisi hatuna haki yoyote pale). Kila mtu anachangia buku mbili ya bando, na lazima ununue angalau chipsi kavu maana kaka anasema kiti hakiliwi bure. Njoo saa moja na nusu, umeme ukikatika kuna mtu ana jenereta ndogo ila petroli ni juu yetu.

Naweza kuja na mke wangu?

Njoo naye. Mwaka jana yeye ndo aliuliza ile simu nyembamba laini inaingilia wapi.